Hako kanamba ka juu si urembo

Wasee, angalieni hii: 10⁶. Hiyo ni milioni moja. Sasa chukua namba kama hiyo kwenye notisi za PDF, ikopi, ibandike kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa. Mara nyingi itafika ikiwa 106. Mia moja na sita! Hakuna tarakimu imepotea, hakuna imebadilika. Kilichopotea ni mahali pa kukaa tu. Na msee anayesoma saa sita usiku kabla ya mtihani hatajua kitu.

Hiyo herufi au namba ndogo inayokaa juu ya mstari inaitwa supaskripti. Watu wengi huiona kama vipodozi vya maandishi. Mimi niliacha chuo, siku hizi natengeneza mabango na vijitabu kwa kompyuta, na mteja akiona nimekaa dakika mbili nikirekebisha ka “m²” kamoja, ananiuliza kwani nalipwa kwa saa. “Weka tu, nani ataona?” Leo nambishia. Mahali herufi inakaa ni maana yenyewe, na historia iko upande wangu.

Turudi nyuma kabisa. Ulaya ya zama za kati, vitabu vilinakiliwa kwa mkono, vingi juu ya ngozi za wanyama, na ngozi haikuwa bei rahisi. Kwa hivyo wanakili walifupisha maneno: unaandika mwanzo wa neno, unainua herufi ya mwisho juu, unasonga. Neno la Kilatini “numero” likawa N yenye o ndogo juu, ndiyo hii № tunayoiona mpaka leo. Ni akili ile ile ya wazazi wetu walipoandika “cjui” ili SMS isipite herufi 160. Herufi ikiwa juu ilikuambia: hapa kuna kitu nimeruka, kijaze mwenyewe.

Halafu watu wa hesabu wakaiteka. Mwaka 1636, James Hume, Mskoti aliyekuwa Paris, aliandika vipeo kwa namba za Kirumi zilizoinuliwa. Mwaka uliofuata, 1637, René Descartes akatoa La Géométrie, na humo kuna x³ kama tunavyoiandika sisi. Cha kuchekesha, kwa kipeo cha pili mara nyingi bado aliandika xx. Lakini kazi ilikuwa imeisha: kuanzia hapo, kupanda juu kidogo kulimaanisha kuzidisha. Hakuna urembo hapo.

Wachapaji wa zamani walilielewa hilo. Kila herufi ilikuwa kipande cha madini, na zile za juu zilitengenezwa kivyake, ndogo lakini nene kiasi cha kufanana na wenzake. Kisha ikaja taipureta, ambayo Remington walianza kuiuza miaka ya 1870. Ukitaka 2 ya juu, unazungusha rola nusu mstari, unapiga 2 ile ile kubwa, unarudisha rola. Hebu fikiria kufanya hivyo kurasa 80 za tasnifu.

Mwaka 1985 mambo yakageuka. Kampuni ya Aldus ya Seattle ilitoa PageMaker, na Apple ikatoa printa ya LaserWriter kwa dola 6,995. Ghafla mtu mmoja mezani kwake aliweza kupanga ukurasa uliohitaji kiwanda. Supaskripti ikawa kubonyeza kitu kimoja. Lakini kulikuwa na ujanja: programu haikuchonga herufi mpya, ilichukua ile ya kawaida ikaipunguza na kuisukuma juu. Hata InDesign ya leo, usipogusa mipangilio, huipunguza hadi asilimia 58.3. Ukipunguza herufi, mistari yake nayo inakonda, ndiyo maana “²” kwenye mabango mengi inaonekana kama haijala siku tatu. Fonti nzuri za OpenType huja na namba za juu zilizochorwa kabisa. Ziko hapo kwenye menyu, wengi wetu hatujawahi kuzifungua.

Sasa hapa ndipo supaskripti iliingia kwenye siasa. Septemba 8, 2004, Marekani ikielekea uchaguzi, kipindi cha 60 Minutes cha televisheni ya CBS kilionyesha memo za kijeshi zilizodaiwa kuandikwa miaka ya 1972 na 1973, zikimchoma Rais George W. Bush kuhusu utumishi wake jeshini. Ndani ya saa chache watu mtandaoni wakaanza kuuliza: hii “th” ndogo ya juu kwenye “111th” imetoka wapi? Microsoft Word huipandisha yenyewe ukiandika. Taipureta ya ofisi ya 1973?

Tuwe wakweli: taipureta fulani za wakati huo zilikuwa na kitufe cha “th”, kwa hivyo hako kaherufi peke yake hakakuwa ushahidi kamili. Lakini kalifungua mlango. Watu waliangalia fonti, nafasi kati ya herufi, kila kitu. Septemba 20, CBS ikakubali kwamba haiwezi kuthibitisha memo hizo ni halisi. Januari 2005 mtayarishaji wa habari ile alifutwa, wengine watatu wakaambiwa wajiuzulu. Mtangazaji Dan Rather aliacha kiti chake cha habari za jioni Machi mwaka huo. Sasa niambie tena nani ataona.

Kwa hivyo unafanya nini? Kwanza elewa kuna supaskripti aina mbili. Moja ni mavazi: namba ya kawaida iliyovalishwa na programu, ukiikopi inavuliwa. Nyingine ni herufi kamili yenye kitambulisho chake, kama ² na ³, hiyo husafiri na maana yake. 10⁶ niliyoandika pale juu ni ya aina ya pili. Ukikosa, andika 10^6, haina sura lakini haidanganyi mtu.

Pili, kabla ya kutuma chochote ulichokopi, pitia vipeo na alama za tanbihi. Asilimia 50 yenye tanbihi namba 2 inaweza kugeuka 502, na hiyo ndiyo itazunguka kwa magrupu ikiitwa takwimu.

Mteja wangu ataendelea kulalamika kuhusu zile dakika mbili. Sawa tu. Mimi nitaendelea kuzitumia.