Boxer 150: Imetoka wapi, inaweza nini, na mambo ya kukagua kabla hujaichukua

Simama dakika kumi tu kwenye njia panda ya Omurushaka, wilayani Karagwe, utaiona. Moja inapakia abiria wa Nkwenda, nyingine imefungwa mikungu ya ndizi huku na huku, ya tatu ina gunia la kahawa kwenye keria. Jina ni moja: Boxer.

Kwa kijana anayeichukua kwa mkataba, pikipiki hii ni kazi na ni deni. Anapeleka hesabu kwa bosi mpaka muda wa mkataba uishe, ndipo iwe yake. Ikifa injini kabla ya hapo, hesabu haisimami. Kwa hiyo kuijua vizuri ni kulinda mfuko, na pia roho.

IMETOKA WAPI?

Boxer inatengenezwa na Bajaj Auto ya India, kampuni ileile ambayo jina lake Watanzania wameipa pikipiki ya matairi matatu. Kampuni ilianza mwaka 1945, na kwa miaka mingi ilijulikana zaidi kwa skuta.

Miaka ya 1980 iliungana na Kawasaki ya Japani kutengeneza pikipiki. Kwenye ushirikiano huo, miaka ya mwisho ya 1990, ikazaliwa Kawasaki Bajaj Boxer ya cc 100. Ilikuwa pikipiki ya mtu wa kawaida: injini ndogo, inakula mafuta kidogo, haina makuu.

Mwaka 2004 kampuni ikaingiza CT100 kwenye soko la India kuchukua nafasi ya Boxer. Mwaka 2011 Boxer ikarudi nyumbani ikiwa na injini kubwa zaidi, BM150, lakini Wahindi hawakuichangamkia. Afrika ndiyo ikaipokea. Leo ukitaja Boxer, mtu wa Kayanga au Kampala anakuelewa haraka kuliko mtu wa Mumbai.

MATOLEO YAKE

BM100 ndiyo ndogo, ina nguvu farasi kama 8. BM150 ina injini ya cc 144.8, silinda moja, mipigo minne, inapozwa kwa upepo, na nguvu farasi 12. Tenki linachukua lita 11, na pikipiki yenyewe ina uzito wa kilo 120 na ushee.

Baadaye yakaja matoleo ya X, yenye madigadi ya mbele iliyoinuliwa na tairi za kung'ata njia ya vumbi, na HD, iliyoimarishwa kwa mizigo.

KWA NINI INAPANDA MILIMA?

Siri ipo kwenye mvuto. Injini ya 150 inafikia kilele cha kuvuta kwenye mizunguko kama 5,000 kwa dakika, wakati kilele cha nguvu farasi kiko juu zaidi, kama 7,500. Maana yake dereva halazimiki kuipigisha kelele ndipo ivute. Kwenye vilima vya Kyerwa, hilo ni jambo kubwa.

Pia haina mambo mengi. Kabureta, plagi, cheni, kiki na staa. Betri ikigoma, unapiga kiki. Fundi wa senta yoyote anaifungua kwa spana za kawaida, na spea zipo. Nyuma ina shokapu za springi mbili, moja ndani ya nyingine, zinazosaidia kwenye mashimo.

UDHAIFU WAKE

BM150 inatumia breki za ngoma, mbele na nyuma. Kwenye tambarare zinatosha. Kwenye mteremko mrefu, na mzigo mgongoni, ngoma inapata moto na breki inapungua nguvu. Dawa ni kushuka na gia ndogo ili injini isaidie kuishika pikipiki. Kuzima injini au kuweka nyutro ili kuokoa mafuta ni kujitafutia kaburi.

Mzigo nao. Keria ikijazwa nyuma sana, tairi la mbele linakuwa jepesi, hendo inaelea, na kwenye utelezi wa masika dereva hana tena anachokiongoza. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Mshikaki wa watu watatu haukukatazwa kwa ubaya, breki zilezile ndizo zinatakiwa kuwasimamisha wote.

UKINUNUA YA MKONONI

Iwashe ikiwa ya baridi. Moshi wa bluu ni dalili kwamba inakula oili, mara nyingi ringi na pistoni zimechoka.

Angalia fremu karibu na keria na chini ya siti. Welding mpya inaonyesha ilibeba kuliko uwezo wake.

Inua tairi la mbele, tikisa fomu. Ikicheza, bering za hendo zimekwisha.

Pima oili. Injini hii inabeba kama lita moja tu, kwa hiyo ikipungua kidogo, imepungua kweli.

Linganisha namba ya injini na ya chesesi na zilizoandikwa kwenye kadi. Kwa walio karibu na Murongo, ambako ukivuka mto Kagera uko Uganda, kuna la ziada: pikipiki yenye namba za Uganda haiwi ya Tanzania kwa kuinunua tu. Inatakiwa ilipiwe ushuru na isajiliwe, ipate namba inayoanza na MC. Bei ya kutupa inaweza kuishia kituoni.

LESENI IPI?

Hapa wengi wanakosea. Leseni ya daraja A1 ni ya pikipiki zisizozidi cc 125, kwa hiyo inatosha kwa BM100. Ukipanda 150, unahitaji daraja A. Na kama unabeba abiria kwa biashara, kibali cha LATRA nacho kinahitajika.

Kabla ya kusaini mkataba na bosi, andikianeni pia nani analipia matengenezo makubwa. Oili na cheni kwa kawaida ni za dereva. Injini ikifa, ndipo maneno huanza.