"Nipe muji": kitendawili cha wazee na muchezo wa televizyo

Wale waliosoma Kiswahili katika vitabu vya pwani wanajua namna ya kutega kitendawili. Mumoja anasema "Kitendawili!", wengine wanajibu "Tega!", naye anatega. Wakishindwa, anawaambia: "Nipeni muji." Wanamupa Mombasa, ao Unguja. Anaenda kule kwa maneno tu, anajisifu kidogo, kisha anatoa jibu. Hapa kwetu Kambove na Likasi kila kabila lilikuwa na namna yake kando ya moto, lakini kitu kimoja kilikuwa sawa: mwenye kukosa jibu analipa, hata kama malipo ni kuchekwa tu.

Wamarekani nao walitia jambo hilo katika redio. Mwaka wa 1940, mutangazaji Ralph Edwards alianzisha kwenye NBC muchezo ulioitwa Truth or Consequences, ni kusema "ukweli, ao sivyo utaona matokeo". Aliutoa katika michezo ya zamani ya nyumbani. Mushindani anaulizwa ulizo la ujanja, lile ambalo karibu hakuna anayeweza kulijibu. Kengele inalia mbio mbio, alafu anapewa kazi ya kichekesho mbele ya watu: kuvaa kama kichaa, kupigwa keki usoni, na mengine ya namna hiyo. Kwa kweli hakuna aliyekuja pale kwa kutafuta jibu. Kukosa ndiyo kulikuwa utamu wenyewe. Mwaka wa 1950 muchezo uliingia katika televizyo, na tangu 1956 mpaka 1975 aliyeuongoza ni Bob Barker.

Hayakuwa machekesho matupu. Mara ingine mutu alidhani anaenda kuchekwa, kumbe nyuma ya pazia kuna ndugu yake ambaye hajamuona miaka mingi. Na mwaka wa 1948 walificha jina la mutu mumoja anayetembea, wasikilizaji wakatuma feza ili wapate nafasi ya kumutambua. Alikuwa mucheshi Jack Benny. Zaidi ya dola milioni 1.5 zilienda kwa shirika la kupiganisha magonjwa ya moyo.

Lakini sisi wa Likasi tunapaswa kusimama kwa jambo lingine. Redio ile ilipofikisha miaka kumi, Edwards alisema: muji wa kwanza utakaokubali kujiita kwa jina la muchezo wetu, tutakuja kutangaza kutoka kule. Muji mudogo wa New Mexico, Hot Springs, wenye kujulikana kwa maji yake ya moto, ukapiga kura mwezi wa tatu 1950. Tarehe 1 ya mwezi wa nne matangazo yakafanyika pale. Mpaka leo muji unaitwa Truth or Consequences, na wakaaji wanafupisha tu: T or C. Pwani wanasema "nipe muji" kwa mizaha. Wale waliutoa kweli kweli!

Watu mingi wanawacheka. Mimi siwacheki sana. Muji wetu Wabelgiji waliuita Jadotville, kwa kumupa heshima injinia Jean Jadot, mukubwa wa Union Minière. Mwaka wa 1966, chini ya Mobutu, ukaitwa Likasi. Jina la pili ni letu, hilo silibishi. Lakini mara zote mbili mukaaji wa kawaida, yule wa kambi ya wafanyakazi, hakuitwa kupiga kura. Wale wa Hot Springs walikubali jina la upuuzi, lakini walilikubali wenyewe, na Edwards alikuwa anarudia kwao kwa sikukuu karibu kila mwaka kwa miaka makumi tano.

Na jina la zamani halikufa vizuri. Tangu mwaka wa 2016, filme kuhusu askari wa Ireland waliozungukwa hapa mwezi wa tisa 1961 ilirudisha neno Jadotville midomoni mwa vijana, hata kama filme yenyewe ilitengenezwa Afrika ya Kusini. Katika darasa ninategaka vitendawili siku ya posho, kama mvua inatuzuia kutoka. Kijana mumoja alishindwa, nikamuambia anipe muji. Akanipa Jadotville. Wenzake wakacheka. Nikamuuliza: "Sababu gani usinipe Likasi?" Akajibu: "Mwalimu, Likasi ninaikaa."