Somo la Hesabu: Jinsi Wasioona Walivyopata Kupiga Hesabu

Mmekwisha kujifunza kujumlisha kwa kuandika namba moja chini ya nyingine, mkianza na mamoja, kisha makumi. Leo nawauliza hivi: mtu asiyeuona ubao atajifunzaje kazi hiyo? Wengi hujibu upesi kwamba hawezi. Jibu hilo limewanyima watu wengi elimu. Sikilizeni historia hii, kisha mwamue wenyewe.

Mwaka 1682, katika kijiji cha Thurlstone huko Uingereza, alizaliwa mtoto jina lake Nicholas Saunderson. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi alishikwa na ndui, akapofuka macho yote mawili. Hata hivyo alisomeshwa, na mwaka 1711 akafanywa profesa wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Kiti hicho kilikuwa kimekaliwa zamani na Isaac Newton, bingwa mkubwa wa hesabu. Saunderson alifundisha huko mpaka alipokufa mwaka 1739.

Alihesabu kwa njia gani? Alikuwa na ubao uliogawanywa katika miraba midogo. Kila mraba ulikuwa na matundu 9: moja katikati, na 8 kulizunguka. Pini zake zilikuwa za namna mbili, zenye kichwa kikubwa na zenye kichwa kidogo. Pini kubwa peke yake katikati ni 0. Pini ndogo peke yake katikati ni 1. Kwa namba nyingine pini kubwa ilikaa katikati, na pini ndogo ikachomekwa kando yake. Ikiwa juu kabisa ni 2, pembe ya juu kulia ni 3, na hivyo kuzunguka kama mshale wa saa mpaka pembe ya juu kushoto, ambayo ni 9. Alizisoma namba kwa kupapasa.

Sasa twende Ufaransa. Louis Braille alizaliwa mwaka 1809. Alipokuwa na miaka 3 alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, aliyetengeneza matandiko ya farasi. Baadaye jicho la pili nalo likapofuka. Mwaka 1819 aliingia shule ya vipofu ya Paris, na mwaka 1829 akachapisha maandishi yake ya nukta zinazosomwa kwa vidole. Katika maandishi hayo herufi kumi za kwanza hutumika pia kuwa namba, zikitanguliwa na alama maalumu.

Maandishi hayo yalienea hata Afrika ya Mashariki. Shule ya vipofu ya Thika, Kenya, ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Ile ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilianza mwaka 1950.

Lakini angalieni shida moja. Anayeandika nukta kwa mkono huzitoboa nyuma ya karatasi, toka kulia kwenda kushoto. Ili asome, ni lazima aigeuze karatasi. Tena nukta hazifutiki kwa urahisi. Basi kuandika jibu aliweza, lakini kulitafuta jibu kwa njia hiyo kulimchosha.

Dawa ya shida hii ilipatikana Marekani mwaka 1962. Tim Cranmer wa jimbo la Kentucky, ambaye naye hakuona, alichukua chombo cha shanga cha Wajapani. Kila kijiti cha chombo hicho kina ushanga 1 juu wenye thamani ya 5, na shanga 4 chini, kila mmoja 1. Shanga ziliteleza ovyo zikiguswa na vidole. Cranmer akaweka kitambaa kizito chini yake, zikatulia.

Tujaribu 27 + 15. Kwenye makumi weka shanga 2 za chini. Kwenye mamoja weka ushanga wa 5 na shanga 2 za chini. Sasa ongeza 10: makumi yawe 3. Kuongeza 5, ondoa ule ushanga wa 5, uweke kumi 1 zaidi. Makumi ni 4, mamoja ni 2. Jibu ni 42.

Mmeona? Hesabu ni ile ile mnayofanya ninyi. Kilichobadilika ni kitu kilichowekwa mkononi. Basi ukimwona mtoto asiyeona ameachwa nyumbani kwa kuwa “hawezi hesabu”, waulize wazazi wake: amepewa nini cha kushika?

Maswali na kazi

1. Katika ubao wa Saunderson, 0 ilionyeshwaje?
2. Kwa nini kupiga hesabu kwa nukta za karatasi kulikuwa kugumu?
3. Chukua mawe 2 makubwa, kila moja 5, na kokoto 8, kila moja 1. Fumba macho, ufanye 18 + 25.