Dawa ya Ng'ombe kwa Mbwa? Skiza Historia Kwanza

Wasee, tuongee kuhusu minyoo ya moyo. Mbu anauma mbwa mgonjwa, anabeba viluwiluwi, anaenda kuuma mwingine. Miezi sita au saba baadaye minyoo kama tambi imejaa kwa moyo na mishipa ya mapafu, majike yakifika hadi sentimita 30. Na mbwa bado anabweka tu kwa geti, huoni kitu.

Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1940, walitibu kwa arseniki. Ndio, ile sumu. Ilidungwa kwa mshipa, na ikimwagika nje kidogo nyama inaharibika. Halafu minyoo ikifa, vipande vinasukumwa na damu hadi kwa mapafu, kwa hivyo mbwa akikimbia wakati huo anaweza kukuacha. Mwaka wa 1995 ikaruhusiwa dawa afadhali, melasomini. Guess imetokana na nini? Arseniki tena!

Kinga nayo ilikuwa kidonge cha kila siku. Nani hukumbuka kidonge kila siku?

Kisha miaka ya 1970, Mjapani Satoshi Ōmura akapata bakteria kwa udongo wa karibu na uwanja wa gofu wa Kawana. William Campbell na wenzake kwa kampuni ya Merck wakatoa hapo ivamektini. Mwaka wa 1981 ikaanza kuuzwa kwa mifugo, na 1987 Marekani ikaikubali kwa mbwa, mara moja kwa mwezi. Hao wawili walipata Nobel 2015, ingawa hiyo ilikuwa hasa kwa sababu ya upofu wa mtoni kwa binadamu. Mbwa hawakutajwa sana, wacha nilalamike kwa niaba yao.

Sasa hapa ndipo watu huchoma. Dozi ya kinga ya mbwa ni mikrogramu 6 kwa kila kilo. Ya ng'ombe ni 200. Hiyo ni zaidi ya mara 30! Mwaka wa 2001 watafiti walionyesha kwa nini Collie wengi huishiwa nguvu na hata kufa wakipewa dozi kubwa: jeni yao moja ina kasoro, dawa inapenya hadi ubongoni. German Shepherd wengine pia wanayo, na hao wamejaa mitaani kwetu. Alafu mtu anatoka agroveti na chupa ya ng'ombe, anakisia kwa sindano.

Na mbwa mkubwa apimwe damu kabla ya kuanza kinga. Kama minyoo mizima iko ndani tayari, hiyo dozi ndogo haitaitoa haraka. Inabaki arseniki, na miezi ya kumfungia asikimbie.