Msuli

Msuli (wingi: misuli) ni tishu ya mwili yenye uwezo wa kujifupisha na kuvuta. Kwa misuli mtu hutembea, hutafuna, hupumua, husukuma damu na huzaa. Mwili wa binadamu una misuli zaidi ya 600 iliyoshikamana na mifupa. Kwa mwanamume mzima hiyo peke yake ni karibu asilimia 40 ya uzito wake, na kwa mwanamke ni pungufu kidogo. Msuli haujui kusukuma. Hata anayesukuma mkokoteni mlimani anatumia misuli inayovuta mifupa kupitia kano. Ndiyo maana misuli mingi hufanya kazi kwa jozi: wa mbele ya mkono hukunja kiwiko, wa nyuma hukinyoosha, na mmoja unapokaza mwenzake hulegea.

Vitabu vingi vya shule hueleza kwa kirefu jinsi msuli unavyokaza, kisha hupita kulegea kama jambo linalojitokea lenyewe. Huo ni upungufu. Kulegea nako ni kazi yenye gharama, na baadhi ya sumu na maradhi yanayofahamika sana Afrika Mashariki huua kwa kuivuruga kazi hiyo.

Aina za misuli

Misuli ya mifupa ndiyo mnofu tunaoujua kwa macho, na kwa kawaida hutii amri ya mtu. Misuli laini imo katika kuta za utumbo, kibofu, mishipa ya damu, njia za hewa na mfuko wa uzazi; hiyo haimsikilizi mtu. Msuli wa moyo ni wa aina yake: una mistari kama misuli ya mifupa, lakini hujiendesha wenyewe, na seli zake zimeunganishwa kiasi kwamba msukumo wa umeme ukianza katika seli chache huenea moyo mzima.

Umbo la ndani

Nyama ya ng'ombe iliyochemshwa hadi ikachambuka huonyesha mpangilio wenyewe. Kila uzi unaochambuliwa kwa vidole ni fungu la nyuzi nyembamba zaidi. Uzi mmoja halisi wa msuli ni seli moja, yenye unene wa kati ya milimita 0.01 na 0.1, ingawa urefu wake unaweza kufika sentimita kadhaa. Seli hiyo ina viini vingi kwa sababu iliundwa na seli changa nyingi zilizoungana kabla mtoto hajazaliwa.

Ndani ya seli kuna vinyuzi vilivyolala sambamba, na kila kinyuzi kimegawanyika katika vipande vifupi vinavyoitwa sarkomeri. Sarkomeri moja ina urefu wa mikromita 2 hadi 2.5 msuli ukiwa umetulia, hivyo katika sentimita moja ya kinyuzi hupatikana kama sarkomeri 4,000 hadi 5,000 zilizofuatana. Kila moja hufupika kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, lakini zote zikifupika pamoja mkono unanyanyuka.

Sarkomeri imejengwa kwa protini mbili kuu: miosini, inayounda nyuzi nene za katikati, na aktini, inayounda nyuzi nyembamba zinazotoka pande zote mbili. Ya tatu ni titini, protini kubwa kuliko zote zinazojulikana mwilini, ambayo hushikilia nyuzi nene mahali pake na kurudisha umbo msuli unapovutwa kupita kiasi.

Namna msuli unavyokaza

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba protini za msuli zenyewe hujikunja na kuwa fupi. Fikra hiyo ilianza kutikisika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia huko Szeged, Hungaria, ambako Brunó Straub aliitambua aktini katika maabara ya Albert Szent-Györgyi. Nyuzi zilizotengenezwa kwa kuchanganya aktini na miosini zilisinyaa ndani ya bakuli la kioo mara zilipotiwa ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Kitendo cha uhai kilikuwa kimefanyika nje ya kiumbe hai.

Jibu la jinsi kinavyofanyika lilikuja mwaka 1954, katika makala mbili zilizochapishwa pamoja kwenye toleo moja la jarida la Nature. Moja iliandikwa na Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, waliochunguza nyuzi hai za chura. Nyingine na Hugh Huxley na Jean Hanson, waliotumia vinyuzi vya sungura. Huxley hawa wawili hawakuwa jamaa. Chini ya hadubini, pande zote mbili ziliona jambo lilelile: msuli unapofupika, ukanda mweusi wa miosini haubadiliki urefu, bali ukanda mweupe ulio kandokando yake ndio unaopungua. Maana yake nyuzi hazijikunji. Nyembamba huteleza na kuingia katikati ya zile nene.

Kinachozitelezesha ni vichwa vidogo vilivyochomoza kwenye miosini. Kichwa hushika aktini, hujipinda na kuivuta kwa nanomita 5 hadi 10, huachia, kisha hujiweka sawa na kushika mbele zaidi. Ni kama wavuvi wanaovuta juya ufukweni: hawaachii kamba wote kwa pamoja, la sivyo wavu ungerudi baharini. Baadhi wanashika wakati wengine wanasogeza mikono.

ATP huingia katika hatua ambayo wengi hawaitarajii. Kichwa cha miosini kinaweza kuendelea kung'ang'ania aktini bila ATP yoyote. ATP inahitajika ili kiachie. Molekuli ya ATP ikijipachika kwenye kichwa, mshiko hukatika. Ikivunjwa, nishati yake hukirudisha kichwa katika hali ya kuwa tayari kuvuta tena.

Maiti hulithibitisha hilo. Baada ya kifo ATP huisha, na vichwa hubaki vimeshika palepale. Mwili huanza kukakamaa baada ya saa chache, dalili zikianzia tayani na shingoni, na kwa kawaida huwa umekakamaa wote kufikia saa 12 hivi. Hulegea tena baada ya siku moja hadi tatu, protini zinapoanza kuharibika, na mahali penye joto mambo haya huenda haraka zaidi. Wanaohudumia maiti wanajua kanuni hii bila kusoma kemia, ndiyo maana macho hufumbwa, taya hufungwa kwa kitambaa na viungo hunyooshwa mapema. Ile nyama inayochezacheza juu ya meza ya bucha muda mfupi baada ya kuchinjwa iko upande wa pili wa habari hii: bado ina akiba ya ATP.

Amri ya kukaza na amri ya kulegea

Amri hutoka kwenye ubongo au uti wa mgongo na kusafiri kama umeme katika neva. Neva ikifika msulini humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo huamsha umeme mwingine kwenye utando wa seli ya msuli. Umeme huo huzama ndani kupitia mirija myembamba na kufungua vifuko vilivyohifadhi kalsiamu. Kalsiamu hushika protini iitwayo troponini, iliyogunduliwa na Mjapani Setsuro Ebashi na wenzake katika miaka ya 1960. Troponini husogeza kizuizi kilichofunika aktini, na vichwa vya miosini hupata pa kushika. Yote haya huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde.

Ili msuli ulegee, mambo mawili lazima yatimie. Kwanza, asetilikolini ivunjwe na kimeng'enya chake. Pili, kalsiamu irudishwe vifukoni kwa pampu zinazotumia ATP. Pampu hizo hazipumziki, kwani kiwango cha kalsiamu ndani ya seli iliyotulia kinatakiwa kuwa chini kuliko cha nje kwa karibu mara 10,000.

Mkulima anayenyunyizia viuatilifu vya jamii ya organofosfeti bila kinga anahatarisha lile jambo la kwanza. Dawa hizo huzuia kimeng'enya, asetilikolini ikarundikana, na misuli ikaendelea kupokea amri isiyokatika. Mgonjwa hutokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho husinyaa, misuli hurukaruka chini ya ngozi, kisha huchoka kabisa, pamoja na ile ya kupumulia. Huyu ni wa kukimbizwa hospitali, na nguo zilizolowa dawa zivuliwe.

Nguvu na nishati

Neva moja huamrisha kundi la nyuzi. Katika misuli inayogeuza jicho kundi ni dogo, nyuzi chache tu, ndiyo maana jicho husogea kwa usahihi mkubwa. Katika paja kundi moja linaweza kuwa na nyuzi zaidi ya 1,000. Mtu anayeinua gunia badala ya kikombe huongeza idadi ya makundi na kasi ya amri zinazopelekwa.

ATP iliyopo msulini hutosha sekunde chache tu. Akiba ya fosfati ya kreatini huongeza hadi sekunde kumi hivi, kisha sukari iliyohifadhiwa kama glikojeni huvunjwa, kwanza bila oksijeni, na baadaye kwa oksijeni kama kazi ni ya muda mrefu. Kenya imetoa mifano ya ncha zote mbili. Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka 2021, mbio ambazo humalizika kabla akiba ya haraka haijaisha. Kelvin Kiptum alikimbia marathoni kwa saa 2, sekunde 35 mjini Chicago mwaka 2023, kazi isiyowezekana bila oksijeni. Misuli ya wakimbiaji wa mbio ndefu huwa na nyuzi nyingi za polepole, zenye damu na mitokondria kwa wingi. Ya wakimbiaji wa mbio fupi huwa na nyuzi nyingi za kasi, zenye nguvu lakini zinazochoka upesi.

Maumivu ya siku ya pili baada ya mazoezi bado husingiziwa asidi ya laktiki, nayo haihusiki, kwa sababu huwa imeshaondoka ndani ya saa moja au mbili. Yanatokana na michubuko midogo ndani ya nyuzi, hasa msuli unapokaza huku unarefushwa kwa nguvu. Wapanda Kilimanjaro hulitambua hili wakiteremka: kupanda huwamaliza pumzi, lakini mapaja huwauma kwa sababu ya kushuka, kwani kila hatua ya mteremko msuli wa mbele ya paja hufanya kazi ya breki.

Moyo, na sumu ya mishale

Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Msuli wake una kinga moja muhimu: baada ya kila pigo hukataa amri mpya kwa muda, kama robo ya sekunde, ili ulegee na kujaa damu. Moyo uliokaza bila kulegea hausukumi chochote.

John Kirk, tabibu wa msafara wa Livingstone mtoni Zambezi, ambaye baadaye aliiwakilisha Uingereza Zanzibar kwa miaka mingi, alipata somo hili kwa bahati mbaya. Mswaki wake ulikuwa umegusana na sumu ya mishale iitwayo kombe. Alipoutumia alihisi uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Sumu hiyo ilichunguzwa baadaye na Thomas Fraser wa Edinburgh, ikawa dawa ya moyo. Sumu ya aina hiyohiyo hutoka katika miti ya jamii ya Acokanthera, ambayo wawindaji Wakamba, Wagiriama na Waliangulu waliichemsha kwa ajili ya mishale ya kuangushia hata tembo. Sumu hizi huzima pampu ya sodiamu ya seli. Sodiamu ikijaa, kalsiamu hukosa njia ya kutoka. Kwa kipimo kidogo moyo hukaza kwa nguvu zaidi. Kwa kipimo kikubwa mapigo huvurugika na kusimama.

Misuli laini

Hii hukaza polepole na inaweza kudumu katika hali hiyo kwa saa nyingi ikitumia nishati kidogo mno. Mgonjwa wa pumu ana misuli laini ya njia za hewa iliyokaza, na dawa ya salbutamoli huilegeza. Kwa mfuko wa uzazi hatari hugeuka: mtoto na kondo vikishatoka, misuli lazima ikaze ili iibane mishipa ya damu iliyobaki wazi. Isipokaza, mama anaweza kufa kwa kutokwa damu katika muda mfupi. Sindano ya oksitosini anayochomwa mara tu mtoto anapozaliwa ni kwa ajili hiyo.

Maradhi

Polio huua neva zinazoamrisha misuli, na msuli usiopata amri hudhoofika. Katika ugonjwa wa Duchenne, unaorithiwa na kuwapata zaidi wavulana, seli hukosa protini iitwayo distrofini na huchanika kila zinapofanya kazi.

Pepopunda ni kinyume cha polio. Bakteria wake huishi udongoni na katika kinyesi cha wanyama, na huingia kupitia jeraha, au kupitia kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa wembe mchafu. Sumu yake hupanda hadi uti wa mgongo na kuzima neva zenye kazi ya kutuliza. Misuli yenyewe haina kasoro, ila hakuna wa kuiambia iache. Taya hubana, mgongo hupinda kama upinde, na kelele au mwanga kidogo tu huamsha mkazo mpya. Chanjo anayopewa mama mjamzito humkinga yeye pamoja na mtoto atakayemzaa. Kuugua pepopunda na kupona hakumpi mtu kinga. Aliyepona naye lazima achanjwe.