Watoto Waliozaliwa na Ufa wa Kaakaa, na Wale Waliowalisha

Twapenda wazazi na walimu waijue habari hii, maana zamani watoto wengi walikufa kwa njaa, na maziwa ya mama yapo.

Mtoto mwenye ufa katika kaakaa hawezi kunyonya vema. Hewa yapita puani, naye hana nguvu ya kuvuta. Maziwa nayo hurudi kwa pua. Huchoka upesi, akakonda. Katika nchi nyingi watu walimlaumu mama. Walakini si kosa lake.

Katika karne ya 16 Ambroise Paré, mganga mpasuaji wa Ufaransa, aliandika habari za kibati cha kuziba tundu la kaakaa. Lakini kibati kile hakikumfaa mtoto mchanga. Hata mwaka 1819, mjini Paris, Philibert Roux alimshona kaakaa kijana wa Kanada aliyekuwa akisomea uganga, jina lake John Stephenson. Alivumilia sindano akiwa macho, kwa kuwa etha ya kulaza wagonjwa ilionyeshwa hadharani mwaka 1846. Alipona, akanena wazi zaidi, na mwaka 1820 akaandika habari za ugonjwa wake. Kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa shule ya uganga mjini Montreal, ambayo baadaye iliingia katika chuo cha McGill.

Jina la Roux limo vitabuni. Walakini Stephenson alipofika kwake alikuwa mtu mzima. Yule aliyemlisha alipokuwa mchanga hatajwi, naye ndiye aliyetangulia kumwokoa. Maana sindano haishoni maiti.

Kazi ya kumlisha ni hii. Mtoto apakatwe wima kidogo. Maziwa ya mama yakamuliwe katika chombo safi kilichochemshwa, apewe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, apumzishwe, kisha acheulishwe. Apimwe uzito mara kwa mara, na masikio yake yaangaliwe, kwani huugua upesi. Siku hizi kaakaa kwa kawaida hushonwa kabla ya miezi 18, mtoto akiwa na afya. Hata aliyechelewa asikate tamaa.

Basi, mwalimu, ukisikia kwamba amezaliwa mtoto wa namna hii, usiwaache wamfiche. Wampeleke hospitali upesi, na njiani kijiko kisikome. Haba na haba hujaza kibaba.