Gari ya umeme: namna ya kuishi nayo kila siku na kutembea nayo siku moja

Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu Kongo, mu Lualaba na Haut-Katanga, na sehemu kubwa inaingia mu batri za magari. Lakini huku mashariki gari ya umeme bado ni habari ya kusikia. Jirani Rwanda, Volkswagen ilileta gari za kwanza za majaribio Kigali mwaka 2019, na tangu 2021 serikali imeondoa kodi nyingi juu ya magari hayo. Wengi wanaovuka mpaka wanaziona, wanajiuliza: mtu anaishi nayo namna gani?

Siku za kawaida

Gari hii inakula umeme usiku, sawa na simu. Prizi ya nyumba ya volti 220 inatoa karibu kilowati 2. Ukichomeka saa mbili ya usiku mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi, unapata kama kilowati-saa 20, maana yake karibu kilomita 100. Kwa kazi, masomo ya watoto na soko, inatosha.

Shida ni mbili. Ya kwanza, umeme kukatika. Usingoje batri iishe. Chomeka kila mara umeme ukiwa pale. Kuijaza na jenereta ni kurudia kununua esanse. Ya pili, nyaya za nyumba. Kuvuta umeme mwingi saa kumi mfululizo kunapasha moto nyaya nyembamba na ralonji za bei ya chini, na nyumba inaweza kuungua. Fundi wa umeme aangalie kwanza.

Safari ya siku moja

Tuchukue Kigali mpaka Rubavu, kando ya Ziwa Kivu: kilomita karibu 155, milima mingi. Nissan Leaf ya batri ya kilowati-saa 40 ilipimwa Marekani kilomita 243 ikiwa mpya. Itafika, lakini haitarudi bila kuchaji. Ile ya zamani ya kilowati-saa 24 ilipimwa kilomita 117: haifiki. Basi, kabla ya kupakia watoto, ujue gari itachomekwa wapi wakati munakula sambaza. Mashine za kuchaji haraka zinajaza mbio mpaka asilimia 80, kisha zinapunguza mwendo. Usipoteze saa kungojea 100.

Mlima unakula batri. Kupandisha gari ya kilo 1.600 mita 1.000 juu kunaomba zaidi ya kilowati-saa 4, mbali na zile za mwendo wenyewe. Habari njema: ukishuka, mota inageuka kuwa jenereta, inashika gari na kurudisha zaidi ya nusu ya nguvu ile. Breki hazichoki mbio. Lakini batri ikiwa imejaa kabisa, hakuna mahali pa kuweka umeme huo. Mwenye kukaa juu ya mlima asijaze mpaka 100 kabla ya kushuka.

Mwendo mkali nao unakula. Ukiona batri inashuka mbio, punguza mwendo, utafika.

Kabla ya kununua okazyo

Gari ya umeme haina oili ya mota wala plagi, lakini batri inazeeka, na kuibadilisha ni pesa nyingi. Kwa Leaf, hesabu vijiti vidogo kando ya kipimo cha batri: mpya iko na 12. Kikipotea kimoja, batri imepoteza karibu asilimia 15. Angalia pia tundu la kuchaji: Leaf nyingi ziko na CHAdeMO, gari za Ulaya CCS, za soko la China GB/T, na moja haiingie mu ingine.

Mwisho, fanya hesabu ya njia yako, si ya tangazo: kilomita za kila siku, saa za umeme mu kartie yako, na fundi anayejua gari hizo. Kimoja kikikosa, ngojea kwanza.